Gunia Jepesi

Majani ya ng'ombe hayana shukrani. Unayapanda kwa mstari kama mahindi, unayapalilia, unayatilia samadi, halafu siku ya mavuno yanakumwagia mbegu chini hata hujafika. Mahindi yanakusubiri. Mpunga unakusubiri, japo kwa kununa. Hata mtama, pamoja na ndege wake wote, unakusubiri. Majani hayamsubiri mtu. Mbegu ikiiva tu inaachia, inapukutika, imekwenda, na ukiinama kuitafuta mchangani utaokota siafu.

Nayasema haya kwa hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Nimeshaambiwa nipoe na watu wa kutosha, wengine wakiwa wamekaa kwenye mkeka wetu wa msibani wanakula wali.

Mama yangu alifanya kazi miaka kumi na saba kwenye shamba la serikali la mbegu za malisho. Kazi yake ilikuwa moja, kuvuna mbegu za majani. Watu wakimuuliza unafanya kazi gani, akijibu wanacheka. "Majani nayo yanavunwa mbegu? Si yanaota tu?" Mama hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Alikuwa anawaambia, "Hata wewe umeota tu, lakini kuna mtu alipanda."

Halafu ikaja ile miaka ya kila kitu ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikajaa, na mashamba ya serikali yakaanza kufungwa moja moja. Mama na wenzake waliitwa ofisini asubuhi, wakasomewa majina, wakapewa kiinua mgongo, basi. Kurudi nyumbani alikuwa na bahasha mkononi na fundo kwenye ncha ya kanga. Nilidhani fundo ni hela. Kulifungua, mbegu za majani.

"Sasa hizi ndiyo tutapika?" nikamuuliza.

"Wewe pika ujuavyo. Mie nitapanda."

Kwa ile bahasha alinunua nusu eka Goba, kwenye mteremko ambako mihogo ilikuwa inaoza chini na watu wa mjini walikuwa wakipataja kama unavyotaja porini. Tukajenga vyumba viwili vya udongo. Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza fomu foo, nimepata divisheni foo, na mwaka uliofuata nikapata mtoto. Baba wa mtoto alisema anakwenda Mererani kutafuta mawe. Mpaka leo anatafuta. Kwa hiyo tulikuwa wanawake watatu kwenye ule mteremko: mama, mie, na binti yangu ambaye mama alikuwa anamwita mke mwenzangu, na ambaye ndiye peke yake mama alikuwa hamgombezi.

Mie nilikuwa nagombezwa kutwa. Uji umeungua, nimegombezwa. Ndoo sikuifunika, nimegombezwa. Nimekaa, mbona umekaa. Nimesimama, mbona unanizibia mwanga. Na mie sikuwa bubu, nilikuwa najibu. Majirani walituzoea. Siku tukinyamaza walikuwa wanakuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Mradi ulikuja mwaka wa pili wa kuishi pale. Siku zile mji mzima ulikuwa unafuga. Karani anafuga, mwalimu anafuga, mkubwa wa ofisi ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba ya serikali, maana mshahara ulikuwa hauvuki katikati ya mwezi. Ng'ombe wakawa wengi kuliko majani. Watu walikuwa wanaiba ukoka makaburini. Ndipo wale wa mradi wakaitisha kinamama wa upande wetu kwenye uwanja wa shule, wakatuambia hivi: atakayeleta gunia moja la mbegu za malisho, safi, zilizo hai, mwisho wa kipupwe, atapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, naye mwenye mimba tayari. Na ndama wake wa kwanza, akiwa jike, atampa mama mwingine wa kikundi. Msimu mmoja tu. Baada ya hapo mradi unahamia mkoa mwingine.

Wenzetu wengine walitazamana. Mama yangu aliinua mkono.

"Mwandike huyu," akasema, ananisonta mie. "Ng'ombe awe wa jina lake."

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kwa nini jina langu wakati mbegu ni zake. Alikuwa anapumzika kila baada ya hatua ishirini, mkono kifuani. Vumbi la masuke la miaka kumi na saba lilikuwa limeingia humo na halikutoka na wale waliopunguzwa kazini.

"Kifua hiki sikiamini," akasema. "Nikiondoka nikuache na nini? Na mdomo huo? Mdomo haukamuliwi."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Gunia moja, kwa ajili ya ng'ombe mmoja, ili mama akifa mie na mwanangu tuwe na kitu cha kukamua.

Jirani yetu wa upande wa juu naye aliandikisha jina. Ni mama wa Kichaga, mume wake mwalimu, alikuwa amezoea mabingobingo ya kwao ambayo unapanda kijiti tu kinashika. Mbegu alikuwa hajawahi kuiona. Alikuja kwa mama na sahani ya ndizi mbivu, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Nifundishe kama mtoto."

"Marahaba. Mtoto wangu mwenyewe hafundishiki, tukujaribu wewe," akasema mama, makusudi, kwa sauti ya kunifikia jikoni.

Akampa mbegu za kupanda. Akamfundisha. Na mie, sikatai, nilikuwepo. Kila alichofundishwa yeye nilikisikia, ila nilikuwa nakisikia kama unavyosikia redio ya nyumba ya pili.

Yale majani tulikuwa tunayaita gini. Yanapanda juu kumpita mtu, na suke lake limetawanyika kama ufagio uliosimamishwa kichwa juu, vijiti vyembamba vyembamba, na kwenye kila kijiti vimbegu vidogo kama ufuta. Ubaya wake ni kwamba suke moja haliivi siku moja. Za kileleni zinaiva na kuanguka wakati za chini bado zina maua.

"Suke ni nyumba ya wake wanne," mama alikuwa anamwambia jirani. "Hawajifungui siku moja. Ukimleta mkunga mara moja tu, atakuta mmoja kajifungua jana, mmoja leo, na wawili bado wanatapika."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo hukati," mama akaendelea. "Ukikata umewaua wale wawili. Unatikisa. Kila asubuhi unatikisa, aliye tayari atakuja mwenyewe, asiye tayari mwache na mama yake."

Alikuwa ameshona mifuko kwa chandarua kuukuu, mdomoni akapitisha waya ili ukae wazi. Masuke ya shina moja aliyafunga pamoja kwa uzi wa katani, si kwa kukaza. Asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaamka, hapo kwenye saa tatu, alikuwa analiinamisha lile fungu ndani ya mfuko, analigonga mara mbili kwa kiganja. Si kwa nguvu. "Gonga kama unamgonga mtoto mgongoni acheue," alikuwa anasema. Halafu shina la pili. Halafu la tatu. Nusu eka nzima. Kesho tena, kwa majani yale yale.

Kwa siku alikuwa anapata kopo mbili, tatu. Anazianika kivulini, anazipepeta, anazimimina kwenye debe. Mie nilikuwa naona upuuzi mtupu. Tungetaka kujaza gunia kwa kopo tungezeeka.

"Si tukate yote siku moja tuyapure?" nikamuuliza.

Alichukua mbegu mbili, akaniwekea kiganjani. "Ipi nzima?"

Nikatazama. Zote sawa. Ganda lile lile, rangi ile ile.

Akaibinya ya kwanza kwa ukucha, ikatoa unga mweupe. Akaibinya ya pili, ikabonyea, hamna kitu. "Hii ni nguo imeanikwa kambani. Mwenyewe hayumo," akasema. "Ukikata mapema unavuna nguo."

Mie nikamjibu kwamba nimesoma baiolojia. Mungu anisamehe. Nilimjibu hivyo kweli.

Madebe mawili yalikuwa yamejaa pale kifua kilipokataa. Alianguka kwenye majani asubuhi, mfuko mkononi, na jirani ndiye aliyemuona kwanza maana alikuwa shambani kwake anatikisa saa ile ile. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, tukapata pikapu ya mchanga, tukampeleka hospitali. Wakamlaza. Maji kwenye mapafu, wakasema.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa ni kwenda hospitali na kurudi. Naamka, nakoroga uji, namfunga mtoto mgongoni, natembea mpaka barabara kubwa, napanda gari mbili, namnywesha mama, nafua kanga zake bombani, narudi jua limegeuka. Saa tatu ya asubuhi, ile saa ya kutikisa, mie niko njiani na chupa ya uji.

Siku ya nne nilirudi mapema nikashuka shambani. Nilisimama tu. Chini ya kila shina kulikuwa na kama pumba imemwagwa. Mbegu. Mbegu za siku nne. Na ndege walikuwa wametanda humo, wanadonoa bila hata kuniogopa, wanakula ng'ombe wangu mie nimesimama. Nilirusha bonge la udongo. Wakaruka, wakatua hatua tatu mbele, wakaendelea.

Nilipandwa na hasira ambayo sijui nikuelezeje. Hasira ya ndege, hasira ya majani, hasira ya lile shamba la serikali lililomla mama yangu kifua likampa bahasha, hasira ya mtu wa Mererani. Nikaenda jikoni nikachukua mundu. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu aliyekwenda shule: mbegu iliyo ndani ya gunia haiwezi kupukutika. Kata leo, weka guniani, ukomeshe huu ujinga.

Jirani alikuja mbio kwenye ua wa mkonge aliposikia mundu.

"We dada! Dada! Mama alisema tusikate!"

"Mama yuko wodini."

"Najua. Mie nitakutikisia. Nikimaliza kwangu nashuka kwako, mbona si kazi? Nikabidhi tu ile mifuko."

"Tikisa ya kwako."

"Mwenzangu, usifanye hasira kwenye chakula."

"Nimesema tikisa ya kwako! Kwani wewe ndiye uliyezaliwa na mama yangu?"

Alisimama pale kwenye mkonge kidogo, akafunga kilemba chake vizuri, akapanda kwake. Hilo neno nimelirudisha kichwani mara nyingi kuliko maneno yote niliyowahi kusema. Alikuja kunipa mikono miwili ya bure, nikamrushia uzazi.

Nilikata mpaka jioni. Kesho yake asubuhi, kabla ya hospitali, nikatandika turubai nikayapura masuke kwa mti, mtoto amekaa pembeni anakula udongo. Na mbegu zilitoka! Nakwambia zilitoka, si kwa kopo, kwa ndoo. Nikawa nacheka peke yangu. Nilijaza gunia kufika juu ya nusu, na ili lijae nikachukua yale madebe mawili ya mama, yale ya kutikiswa, nikayamimina humo humo. Nikachanganya kwa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Nikashona mdomo wa gunia kwa uzi wa katani. Lilikuwa jepesi, na hilo nililiona. Nililiinua kwa mkono mmoja kama mto wa kulalia, nikasema loo, nimekuwa na nguvu.

Mama alikuwa ameketishwa na mito mgongoni. Alimnyooshea mtoto vidole. "Mke mwenzangu, hujambo?"

"Mama," nikasema, sikuweza kungoja, "gunia limejaa."

"Limejaa?"

"Limejaa mpaka nimelishona."

"Kwa siku ngapi?"

"Moja. Na nusu."

Akanitazama. Ana macho fulani mama yangu, alikuwa nayo, yalikuwa yanakuja kabla ya maneno. Ukiyaona unajua utasemwa mpaka uombe kufa. Nikajiandaa. Nilikuwa na majibu yangu tayari.

"Na zile za kwenye madebe?" akauliza.

"Nimezimimina humo humo, ndiyo likajaa."

Akafumba macho. Nilifikiri ni kifua. Nikamuuliza nimwite nesi, akatikisa kichwa. Alikaa hivyo kwa muda, mkono wake umeshika mguu wa mtoto, anauminya taratibu, anauachia. Halafu akafumbua.

"Umemnyonyesha huyu?"

"Nimemnyonyesha."

"Haya." Akavuta pumzi, ikakwama katikati, akaimalizia. "Ahsante mwanangu. Umefanya kazi kubwa."

Sijawahi kuambiwa ahsante na mama yangu kabla ya siku ile. Mwanangu alikuwa ananiita, lakini kwa kuanzia ugomvi. Nilirudi Goba kama niliyebebwa. Nilipita kwa jirani nikamsalimia kwa maringo, nikamwambia mama kanishukuru. Jirani alisema, "Mungu ni mwema," akaangalia pembeni.

Mama alifariki siku ya tatu yake, alfajiri. Tukamzika siku hiyo hiyo alasiri, kule juu kwenye mikorosho. Jirani na mume wake walileta kuni na maji ya watu wote, madumu na madumu, na ile siku hakunikumbusha neno langu, wala hajanikumbusha mpaka leo.

Arobaini haijafika, mradi ukaitisha mbegu. Nilifunga kaniki, mtoto mgongoni, gunia kichwani. Watu walionipita njiani walinistaajabia, mwanamke mwembamba amebeba gunia zima bila kushika kwa mkono.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa kinamama wa sehemu mbalimbali, wengine wanajuana wengine hawajuani. Bwana mifugo wa mradi, kijana mwenye buti za mpira na miwani, alikuwa anapita gunia moja moja. Alipofika kwangu aliingiza mkono wa kulia chini ya gunia kuinua, gunia likaruka juu. Akaliweka chini polepole. Akakata uzi wangu.

"Dada, una ungo?"

Akaletewa ungo. Akachota, akasimama penye upepo, akapepeta.

Ziliondoka. Sina neno lingine. Zilipaa kama moshi wa makumbi, zikavuka mstari wa magunia, zikawaingia watu vichwani. Akachota tena, zikaondoka tena. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alijikung'uta kilemba.

"Jamani, huyu kaleta manyoya ya kuku!"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Atapewa mtamba wa pamba!"

Sikuwajibu. Mie, ninayejibu hata redio, sikuwajibu. Nilikuwa natazama ungo, maana chini ya ungo kulikuwa na kitu kinabaki. Kila akichota, kingi kinapaa na kidogo kinabaki, kinakwenda chini kwa mlio, kama mchele. Bwana mifugo naye alikuwa ameona. Akaacha kuharakisha. Akapepeta gunia lote, akawa anamimina kile kinachobaki kwenye debe. Debe la kwanza likajaa. La pili likajaa, na juu yake kiganja kimoja.

Madebe mawili ya mama. Yamerudi yalivyokuwa, kama niliyekuwa nimempokonya akayadai. Na kile kiganja kimoja cha juu ndiyo mavuno yangu mie ya nusu eka.

Akabinya mbegu moja kwa ukucha. Akabinya ya pili, ya tatu, ya nne. Zote unga. Akawaita wenzake wawili waje waone.

"Dada, hizi zilizobaki nani kavuna?"

"Mama."

"Alivuna kwa kutikisa?"

"Ndiyo."

"Mie tangu nianze kazi hii sijaona mbegu zimejaa namna hii. Na zile zilizopaa?"

"Nilikata mie."

"Alikuona ukikata?"

"Hakuniona. Nilimwambia siku ngapi."

"Basi alijua," akasema, bado anachezea mbegu kiganjani, hana nia mbaya yoyote. "Mtu wa mkono huu, ukimtajia siku tu anajua gunia zima ni makapi. Mlete basi huyo mama, awafundishe wenzake. Yuko wapi?"

"Nimemzika."

Yule wa manyoya ya kuku alikaa chini pale pale mchangani, akajishika mdomo.

Ila mie sikusikia pole zao. Nilikuwa nasikia mama akiuliza kwa siku ngapi. Alijua. Pale kitandani, kabla hajafumba macho, alijua ng'ombe ameshakwenda, na kwamba anakufa na ananiacha na ule ule mdomo usiokamuliwa. Akanitafutia ahsante. Kwa pumzi iliyokuwa inakwama katikati, akanitafutia ahsante.

Kwa nini hakunigombeza? Hilo ndilo linaloniunguza. Miaka yote ananigombeza kwa uji, kwa ndoo, kwa kusimama kwenye mwanga, na siku ambayo nimelikoroga kweli ananishukuru. Angenigombeza ningejua yuko mzima. Angenigombeza ningerudi nyumbani, ningepepeta siku ile ile, ningempelekea madebe yake mawili, nikayaweka chini ya kitanda akayaona. Nilikwenda nikiringa. Siku mbili za mwisho za mama yangu duniani mie nilikuwa naringa.

Bwana mifugo alisema kwa upole kwamba madebe mawili si gunia, na sheria ya mradi hakuitunga yeye. Alitaka kuyanunua. Nilimwambia hayauzwi. Nikajitwisha nikaondoka, na safari hii, japo mzigo umepungua, ilibidi nishike kwa mikono miwili.

Jirani alipata mtamba wake. Gunia lake lilipita moja kwa moja, hata ungo halikuhitaji. Lilikuwa limevunwa kwa kopo, kila asubuhi saa tatu, kwa mfuko wa chandarua alioshonewa na mama yangu. Jioni alikuja kwangu na mume wake, rasmi, wakakaa kwenye mkeka.

"Mwenzangu," akasema, "yule ng'ombe amepatikana kwa mdomo wa mama yako. Ndama wa kwanza akiwa jike ni wako. Hakuna kikundi wala nini. Ni wako."

Nilikata majani ya gini, yale yaliyochipua upya baada ya mundu wangu, nikawa nampelekea yule ng'ombe kila siku. Sikumlisha kwa mapenzi. Nilimlisha kama mtu anayefuatilia deni lake kwa mwingine. Nikimwangalia tumbo namwambia, toa jike, usinitanie. Jirani alikuwa anasali kwa dini yake na mie kwa yangu, mume wake mwalimu anatucheka kwamba tumemzingira Mungu pande zote mbili.

Alizaa dume.

Jirani alilia kuliko mie. Alikaa kwenye mlango wa banda na damu ya uzazi mikononi, analia, "Dada nisamehe," kama ni yeye aliyemtengeneza. Mie nilimsaidia kumkausha ndama kwa gunia. Nikamwambia aache kulia, hajakosa kitu. Kisha nikatazama jua, nikaona ni saa tatu, umande umekauka, na masuke ya vuli kule chini yalikuwa yameanza kuiva. Mradi umehama, gunia halina wa kumpelekea. Nilichukua mfuko wa chandarua nikashuka.

Mwanangu wakati ule alikuwa ameanza kukimbia. Mie nainamisha, nagonga mara mbili, naenda shina la pili, yeye yuko mbele yangu anachezea. Kugeuka, namuona ameshika suke bichi, lina maua bado, amelivuta, limekatika, ananiletea huku anacheka. Zawadi.

Nilimgombeza. Nilimgombeza mtoto wa miaka miwili kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia pale shambani tangu mama alipobebwa kwenye kitanda cha kamba. Nani kakwambia ukate! Huoni bado! Huna macho! Akaanza kulia, suke bado limo mkononi, na mie naendelea, machozi yananitoka, naendelea.

Jirani alitokeza kwenye mkonge, macho mekundu, mikono bado ina damu.

"Dada, muonee huruma! Mtoto mdogo huyo, anajua nini?"

"Hajui," nikamjibu. "Ndiyo maana namgombeza."